Ukulele si ukelele

Haya jamani, nimerudi. Nilipotea wiki tatu kwa sababu mnazozijua wenyewe: UE zilinikaba koo, na madesa niliyokuwa nayo yaliandikwa na mtu aliyekuwa anasinzia. Nashukuru Mungu nimetoka mzima. Kuna sapu moja inaninyemelea, lakini hiyo tutaijua matokeo yakitoka.

Leo nina hoja, na hoja yenyewe imeanzia kwenye ubao wa matangazo pale chini karibu na ngazi. Bweni silitaji, mnaolijua mnalijua. Jumatatu asubuhi imebandikwa karatasi yenye mhuri na saini, kwamba kuanzia muhula ujao ni marufuku kupiga ala za muziki za aina yoyote vyumbani na kwenye korido, na atakayekutwa nayo itachukuliwa. Sababu iliyoandikwa ni neno moja tu: kelele.

Sasa nisikilizeni. Kwenye korido yetu kuna sabufa nne. Ile ya mwisho kule, karibu na mabomba, ikiwashwa saa nne usiku kikombe changu cha chai kinatembea mezani chenyewe. Hizo hazikutajwa, maana sabufa si ala ya muziki, ni "vifaa vya umeme". Ala ya muziki ni hii ya kwangu: ukulele, kigitaa cha nyuzi nne ambacho urefu wake hauzidi mkono wangu, na ambacho ukikipiga chumba namba 12 mtu wa chumba namba 14 hajui kama upo.

Rumeti wangu anasoma uhandisi na haamini kitu kisichopimika. Ndiye aliyeanza kuiita "ukelele". Na Kiswahili kinambeba kweli, maana ukelele ni mmoja, ukizidi zinakuwa kelele. "Leo umeleta ukelele mmoja," aliniambia siku ya kwanza, "kesho tutakuwa na kelele." Nilicheka sana. Sasa naona kuna mtu ofisini kamsikia.

Kwanza niwaambie ilivyonifikia, maana wengi mnadhani niliinunua kwa mbwembwe za bumu. Ilikuwa ya mshikaji niliyekaa naye mwaka wa kwanza. Jamaa alidisko. Mnajua chuo kinavyokuwa mtu akidisko, wiki moja mnagombania sahani, wiki inayofuata hajui asimame wapi. Usiku wa mwisho alikaa kitandani na begi lake, godoro kashaliuza, akaniambia amepungukiwa nauli ya kwao, mbali huko kusini, na kitu kilichobaki ni hicho kigitaa. Nikampa 40,000. Sikuwa nakitaka hata kidogo. Nilimhurumia, basi. Yeye naye hakutaka kupewa bure, ndiyo maana kiliuzwa. Kikakaa chini ya kitanda changu miezi mitatu na vumbi lake.

Nilikitoa siku umeme ulipokatika na simu haina chaji. Mambo makubwa hayakuwepo, usiku tu, joto, na mimi nafikiria mshikaji kafika vipi kwao, atamwambia nini mshua wake. Nikaanza kugusa nyuzi moja moja. Na hapo ndipo nilipogundua jambo linalonifanya niandike leo: hiki kitu hakikuadhibu. Gitaa la kawaida lina nyuzi sita, vidole vinatoka malengelenge wiki mbili kabla hujapata kitu kinachoeleweka. Ukulele ina nyuzi nne laini za nailoni, sol, do, mi, la. Kodi ya do (naongelea kodi za muziki, si zile za TRA) unaibonyeza kwa kidole kimoja tu. Ukiongeza fa, sol na la ndogo unaweza kusindikiza nusu ya nyimbo unazozijua, za kanisani, za harusini na za bongofleva. Ndani ya wiki moja nilikuwa naimba. Vibaya, lakini naimba.

Halafu kuna kitu kingine chake cha ajabu. Kwenye gitaa uzi wa juu kabisa ndio mzito, una besi. Kwenye ukulele, kwa wengi wetu, uzi huo wa sol umekazwa juu, karibu na la. Ndiyo maana sauti yake inarukaruka, haina uzito, na ndiyo maana hata ukiwa na huzuni ukiishika inakubidi utabasamu kidogo.

Nikaanza kwenda nayo kila mahali. Kwenye daladala inakaa mapajani kama mtoto. Makonda wananiuliza, "Bro, gitaa la mwanao hilo?" Kuna mmoja wa njia ya Bunju alinisamehe nauli nikipiga mpaka Tegeta. Nikapiga. Mama mmoja wa siti ya nyuma akaanzisha pambio, abiria wakaitikia, tukafika Tegeta tunacheka watu thelathini tusiojuana. Niambieni sabufa gani imewahi kufanya hivyo. Sabufa inakufanya usikilize. Hii inafanya mtu wa pembeni aimbe, na hiyo ndiyo tofauti ninayotaka ofisi iielewe.

Lakini ngoja, maana hoja hainihusu mimi na ofisi tu. Kuna dada mmoja tunasoma naye, siku moja tumekaa kantini na ukulele ipo mezani, akanichoma kweli. "Wewe mtoto wa Pwani," akasema, "unapiga kigitaa cha watalii. Ungejifunza hata zeze basi." Sikuwa na jibu. Nikala chips zangu kimya kimya. Nikaondoka na hasira, nikaenda kusoma, maana mtu akikushinda kwa maneno dawa yake ni kusoma.

Nilichokikuta ni hiki. Hata Hawaii kwenyewe, tunakodhani ndiko ilikozaliwa, ukulele ilifika kwa meli. Tarehe 23 Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilitia nanga Honolulu na Wareno zaidi ya 400 kutoka kisiwa cha Madeira. Hawakwenda kutalii, walikwenda kwa mkataba kufanya kazi mashamba ya miwa, kama manamba wetu wa mkonge kule Tanga. Mizigoni walikuwa na kigitaa chao kidogo kiitwacho machete. Miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, na hao ndio waliokuja kufungua karakana Honolulu na kuanza kuvitengeneza kwa mti wa huko uitwao koa. Koa, kwa taarifa yenu, ni wa ukoo wa migunga. Mfalme wa Hawaii wakati huo, Kalākaua, alikipenda mno, akakiingiza ikulu pamoja na ngoma zao za asili. Wenyeji wakakipa jina. Wengi husema maana yake ni kiroboto anayeruka, kwa jinsi vidole vinavyokimbia. Malkia Liliʻuokalani, dada yake mfalme na mtunzi wa nyimbo, yeye alipenda maana nyingine: zawadi iliyokuja. Mwaka 1893 malkia huyo akapinduliwa, nchi ikaja kumezwa na Marekani, lakini kigitaa kikabaki, na kwenye maonyesho makubwa ya San Francisco mwaka 1915 kikawapagawisha Wamarekani wenyewe.

Kutoka hapo kikazunguka. Kule Kanada mwalimu mmoja, J. Chalmers Doane, kuanzia miaka ya 1960 alikifanya chombo cha kufundishia muziki mashuleni, kwa sababu darasa zima linaweza kumudu. Uingereza tangu 1985 kuna kundi zima la wapiga ukulele watupu, wamevaa suti kama wanakwenda msibani, lilianza kama utani na limezunguka dunia. Na kuna marehemu Israel Kamakawiwoʻole, jitu la miraba minne, kigitaa kimejificha kifuani kama njiwa. Alipofariki mwaka 1997 jeneza lake liliwekwa kwenye jengo la serikali ya jimbo la Hawaii watu wakapita kumuaga. Mpiga ukulele huyo!

Ndugu zake wengine, waliotoka kwa Wareno haohao, wapo Brazil kwenye samba, wapo Cape Verde, wapo Indonesia. Hapo nikajiuliza, Wareno si walikaa hapa kwetu pia? Walituachia meza, leso na bendera. Kigitaa je?

Jibu nililipata Bagamoyo, na sikulipata kitabuni.

Shangazi yangu anakaa Magomeni, ile ya Bagamoyo, si ya Dar. Mwisho wa mwezi bumu likikata naenda kwake kula samaki. Kama kilomita 70 tu: Bunju, Mapinga, Kerege, Kiromo, umefika. Jumamosi moja jioni nikashuka ufukweni, upande wa pale wanapouza samaki, nikakaa kwenye gogo karibu na jahazi lililopandishwa kutengenezwa. Maji yamekupwa, ngalawa zimelala ubavu, watoto wanacheza mpira kwenye mchanga mgumu. Napiga zangu taratibu. Kulikuwa na mzee anapiga kalafati, anasokota pamba na kuipigilia kwenye mianya ya mbao, tak, tak, tak. Baada ya muda nikasikia tak yake imeanza kufuata mapigo yangu. Kisha ikanyamaza.

"Shikamoo babu," nikasema, nikidhani nimemsumbua.

"Marahaba mjukuu wangu. Hicho nini, gambusi?"

"Hapana babu, ukulele."

"Lete nikione." Akajifuta mikono kwenye msuli, akakishika. Akakipindua, akagonga tumbo lake kwa kidole kama anayechagua dafu. "Ngozi yake iko wapi?"

Nikamwambia hakina ngozi, ni mbao tupu. Akatikisa kichwa kama fundi aliyeona kazi haijaisha. Akanieleza kwamba utotoni kwao Unguja kulikuwa na gambusi, gogo moja linachongwa likawa na tumbo na shingo, tumbo linawambwa ngozi ya mbuzi, na aliyekuwa analipiga mtaani kwao akiitwa kila harusi. Kisha akakata kauli kwa kukwaruza nyuzi zangu kwa kucha, haraka haraka, uzi mmoja mmoja, si kwa kodi kama ninavyofanya mimi. Kigitaa changu, nawaapia, kilitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kikitoa. Kama robo dakika hivi. Akanirudishia.

"Aliyekuwa akipiga alikufa," akasema. "Mwanawe akataka udi. Mjukuu wake ana kinanda cha umeme." Akarudi kwenye kalafati yake.

Nimelala na maneno hayo siku nyingi. Maana ukiyaangalia, mzee kanipa historia ya taarabu yote kwa sentensi tatu. Gambusi, ambalo wengine Zanzibar na Lamu walilijua kwa jina la kibangala, lina asili ya Yemen, huko huitwa qanbus. Lilisafiri na majahazi ya kusi na kaskazi kama lilivyosafiri kila kitu kwetu. Ngazija wanalo mpaka leo, wanaliita gabusi. Madagaska kuna kabosy. Malaysia na Indonesia kuna gambus. Yaani bahari yetu nayo ilikuwa na ukulele yake, kabla hata Ravenscrag haijachongwa! Kule Yemen nyimbo za Sanaa (mji, jamani, si sanaa) zinazoimbwa kwa ala hiyo zilitangazwa na UNESCO mwaka 2003 kuwa urithi wa binadamu wote. Na sisi? Kwetu vikundi vikubwa vya taarabu vilipoanza kuiga okestra za Misri, udi wenye tumbo kubwa na sauti nzito ukachukua nafasi, zikaja fidla na kanuni na akodiani, baadaye kinanda cha umeme kikawafagia wote hao kwenye ile taarabu ya kisasa.

Silaumu. Watu wa Pwani hatujawahi kuogopa ala ya mgeni. Wa Mombasa walichukua taishokoto, ala ya Kijapani yenye vitufe kama taipureta, iliyopitia India, wakaifanya ya harusi zao mpaka ukiisikia unasema hii imezaliwa Mji wa Kale. Sanduku la chai likapigwa uzi na fimbo likawa besi ya kidumbaki. Kwa hiyo yule dada wa kantini nina jibu lake sasa: ala haina kabila, ina mkono unaoipiga. Ningeishia hapo ningekuwa nimeshinda ubishi.

Lakini sijashinda, na hili ndilo linaloniuma. Ukulele ya Kichina nikiitaka kesho naipata dukani. Gambusi nikilitaka nimuulize nani? Yule dada aliposema zeze alikuwa na haki nusu. Bagamoyo hapohapo, kwenye chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho sasa ni TaSUBa, alifundisha hayati Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, akachukua zeze na ilimba akazunguka nazo dunia, akarekodi na Real World ya Peter Gabriel. Alifariki Desemba 2003 na kazi haikufa. Bintiye Pendo na mjukuu wake Leah, wale Zawose Queens, walitoa albamu yao mwaka 2024 kwenye lebo hiyohiyo. Kwa nini zeze limepona na gambusi limezimika? Nionavyo mimi, ni kwa sababu zeze lilipata nyumba yenye watoto wanaoruhusiwa kulishika na kuliharibu. Gambusi lilibaki kwa fundi mmoja wa harusi, mkubwa, wa kuitwa na kulipwa. Akafa nalo.

Na sasa rudini kwenye karatasi ya ubaoni. Mtu anajifunzia wapi ala? Si jukwaani. Jukwaani unaonyesha ulichokwisha jifunza. Unajifunza kitandani, saa tatu usiku, ukikosea mara mia, rumeti anakurushia mto. Ukipiga marufuku vyumbani na kwenye korido umepiga marufuku kujifunza. Watabaki wanaojua tayari, na wenye spika.

Najua kuna wanaoumwa vichwa, kuna wenye mtihani asubuhi. Wana haki yao, na mimi mwenyewe nimewahi kumfuata jirani na shuka mwilini kumwomba apunguze. Basi iwekwe saa. Baada ya saa nne usiku kimya, kwa wote, na sabufa zikiwemo. Nipewe hata ile stoo ya chini yenye vitanda vibovu, tutaifagia wenyewe. Barua nimeshaiandika, ina sahihi 31 mpaka jana, na wa 31 ni rumeti wangu mhandisi. Alisoma mara mbili, akarekebisha koma, akasaini, akasema, "Mimi nasaini kwa ajili ya sabufa, si kwa ajili ya ukelele wako." Sawa kaka. Nimepokea.

Jambo la pili. Nimerudi kwa yule mzee wiki iliyopita. Nilimuuliza kama anaweza kuchonga. Akasema yeye ni fundi wa majahazi, si wa magambusi. Nikasema babu, si vyote ni mbao iliyochongwa ikaachiwa tumbo? Akanitazama muda mrefu sana, nikaona nimekosa adabu. Kisha akaniuliza nimepata wapi mfenesi mkavu. Sijapata. Ila shangazi ana jirani aliyekata mmoja mwaka jana, magogo bado yako uani kwake, na ngozi ya mbuzi naamini sikukuu haitatunyima.

Yule mshikaji wangu wa kusini alipiga simu juzi. Ana kibanda cha kuuza vocha na kutuma pesa, amejiandikisha kurudi kusoma, diploma safari hii. Swali lake la kwanza, kabla ya salamu, lilikuwa, "Bado inalia?" Nikaiweka simu kitandani nikampigia.

Jumamosi naenda Bagamoyo tena. Daladala ya saa mbili asubuhi, tukutane Makumbusho. Mwenye ala aje nayo, mwenye sauti aje nayo, mwenye njaa shangazi kasema samaki wapo ila mje na mchele. Barua ipo chumbani kwangu, namba 12, kalamu imefungwa kwa kamba.

Naomba kutoa hoja.